Besi ya Zdravka

Zdravka aliendesha kreni katika kiwanda cha chuma cha Pernik, huko Bulgaria, miaka mingi, kiasi kwamba watu wa chini walimtambua kwa jinsi mzigo unavyotua. Akiwa yeye juu, fungu la nondo lilishuka sakafuni kama mtu anayemlaza mtoto. Akiwa mwingine, kila mtu aliruka pembeni. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya kukwaruza, na hasira zake zilijulikana kuanzia lango la kiwanda hadi sokoni. Lakini zilikuwa hasira za kuwaka na kuzima. Atakufokea, atakutukania ukoo, kisha atakukatia kipande cha mkate wake. Ile iliyomshika mwaka ule haikuwa ya namna hiyo. Ile ilikuja ikakaa.

Ilianzia mezani kwake mwenyewe, mwezi wa Juni. Mumewe Rangel alikuwa na bendi ya harusi ya watu wanne: yeye mwenyewe kwenye klarineti, Metodi kwenye ngoma, binamu yake kwenye kinanda, na Kiro kwenye gitaa la besi. Walifanya mazoezi katika gereji ambayo Zdravka aliachiwa na baba yake, na kwa karibu miaka ishirini Zdravka ndiye aliyewapikia, akawafulia mashati meupe na kuwavua viatu walipolewa. Sasa Kiro alikuwa ameondoka kwenda Ujerumani kutandika vigae, akaliacha gitaa lake chini ya ngazi. Wanaume wale watatu walikaa wanakunywa rakia, pombe kali ya matunda, na kulalamika kwamba bila besi hakuna harusi.

"Nitapiga mimi," Zdravka akasema.

Metodi alipaliwa na tango. Binamu naye, mtu asiyesema kitu mpaka bilauri ya tatu, akasema kabla ya ya pili: "Haya makubwa!"

"Shemeji," Metodi akasema huku akifuta machozi, "besi si ile kreni yako. Huku hakuna mtu wa kukupungia mkono kukwambia shusha, pandisha."

Rangel hakucheka. Hicho ndicho kilichomponza Zdravka: mumewe hakucheka. Alimtazama kama mtu anayepima, akazungusha bilauri yake, akasema, "Unataka kweli?"

"Nataka."

"Sikiliza basi. Nyimbo zetu karibu zote ni za maina, zile zenye huzuni. Jifunze skeli za maina, yaani ngazi za noti zake, zote kumi na mbili, kwa namna zake zote tatu, upande na ushuke bila kukwama. Ukiwa tayari kufika Siku ya Mtakatifu Dimitar, mwishoni mwa Oktoba, umeingia. Nasema mbele ya hawa. Mpaka hapo bendi inapumzika."

Zdravka akampa mkono. Rangel akaupokea.

Mwalimu alimpata jengo la pili kutoka lao. Evdokia alifundisha nyimbo katika shule ya chekechea, akapiga akodioni, kile kinanda cha kuvuta kifuani, katika sherehe za wastaafu, na alikuwa mwembamba kama ufagio, sigara haimtoki mdomoni.

"Gitaa silijui," alimwambia siku ya kwanza. "Noti ninazijua. Mimi nitakupa noti, na gitaa utagombana nalo mwenyewe."

Akamwanzishia na La. La, Si, Do, Re, Mi, Fa, Sol, La. Hiyo ndiyo maina ya asili, akasema, haina mbwembwe. Ya pili unaichukua ileile, ila noti ya saba, yaani Sol, unaipandisha nusu toni. Ya tatu unapandisha ya sita na ya saba wakati wa kupanda, lakini wakati wa kushuka unazirudisha zilivyokuwa.

"Kwa nini zisishuke kama zilivyopanda?" Zdravka akauliza. Alikwishaanza kukasirika.

"Wewe ukipanda ngazi na gunia la viazi, ukashuka mikono mitupu, unashuka na mwendo uleule?"

"Mimi nauliza muziki, unanijibu viazi."

"Piga, mama, piga. Maswali baadaye."

Aligombana nalo kweli. Mikono yake ilikuwa na sugu za usukani wa kreni, lakini sugu zenyewe zilikuwa viganjani, na besi haitaki viganja. Inataka ncha za vidole, na ncha zake zilikuwa laini kama za binti wa mjini. Zilivimba, zikapasuka, zikatoa maji. Nyuzi zilikuwa nene kama waya wa kuanikia nguo. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikutaka kazi kabisa. Alipokitaka kikandamize, kilijikunja. Alipokitaka kipumzike, kilisimama wima kama kinaomba ruhusa ya kutoka nje. Alikitukana kidole kile matusi ambayo hakuwahi hata kumtukania msimamizi wa zamu.

Kila alipotoka kazini alifungua gereji, akawasha amplifaya ndogo ya Kiro, akaketi juu ya kreti la bia. Alianzia kwa kidole cha shahada kwenye uzi mnene, penye kijiti cha tano cha shingo ya gitaa, akapanda: noti tatu uzi wa kwanza, tatu uzi wa pili, mbili uzi wa tatu. Akagundua jambo lililomfurahisha, kwamba umbo ni lilelile. Ukilisogeza mbele kijiti kimoja, La imekuwa Si bemol, yaani Si iliyoshuka nusu toni, na vidole vinatembea vilevile. Lakini Evdokia alimharibia furaha hiyo mara moja. "Ukijua umbo tu utakuwa kasuku," alisema. "Taja jina la kila noti unapoigusa. Kwa sauti." Ikabidi aanze upya, mdomo na vidole pamoja. Akichoka mdomo, vidole vinapotea. Akichoka vidole, mdomo unataja noti ambayo haikupigwa.

Ile ya pili ndiyo iliyomkamata. Kati ya noti ya sita na ile ya saba iliyopandishwa kuna nafasi pana, vidole vinaruka kama mtu anayevuka mtaro, halafu ghafla unafika nyumbani. Mara ya kwanza alipoipiga sawasawa alisimamisha mkono. Sauti ile alikuwa ameisikia katika kila harusi na kila matanga tangu akiwa mtoto, kwenye klarineti na kwenye koo za wanawake wa kijijini kwa mama yake, wala hakujua kwamba ni noti moja tu iliyosogezwa. Akairudia mpaka jirani wa juu akagonga sakafu kwa fimbo ya ufagio. "Gonga, gonga!" Zdravka akampigia kelele. "Hata mapigo hujui kuyashika!"

Rangel naye wakati huo alikuwa ameshika uvuvi. Kila Jumamosi alikwenda bwawani na Metodi, akarudi Jumapili macho mekundu, samaki hana. Klarineti, alisema, ipo kwa fundi, imelegea vifuniko. Zdravka hakumhoji. Jumamosi bila mume ilimpa gereji mchana kutwa.

Ikafika Septemba. Siku ya Alhamisi, katika chumba cha kubadilishia nguo, Pavlinka, mwenzake wa kreni ya pili, alikuwa anafunga buti. Akasema, "Shoga, Jumamosi mumeo ametuchezesha pale Radomir mpaka viatu vimetutoka. Kiuno hiki bado hakijarudi."

"Mume wangu yupi?"

"Wewe unao wangapi? Rangel na klarineti yake. Harusi ya mtoto wa mjomba wangu."

Zdravka akakaa kwenye benchi. "Na besi nani alipiga?"

"Si yule Spas, mwenye gari la mizigo. Mbona unauliza kama mtu wa kuja? Julai pia nilimwona nao." Halafu Pavlinka akamtazama usoni. "Ala. Hukujua."

Zdravka alivaa kofia ngumu, akapanda ngazi za kreni, akaketi, akashika usukani, na damu ikampanda kichwani hivyo hivyo, polepole, kama maji kwenye birika. Mtu wa chini alimpungia: pandisha. Akapandisha. Akampungia: kushoto. Akaenda kushoto kwa kasi ambayo hakuwahi kuitumia, akasimamisha ghafla, na fungu la nondo likayumba hewani kama bembea juu ya vichwa vya watu watatu. Walilala chini kifudifudi. Mzigo ulipotulia, msimamizi alimwamuru ashuke, na Zdravka akashuka. Wale watatu aliwafahamu mpaka majina ya watoto wao. Aliwaomba radhi mmoja mmoja. Kisha akaenda chooni akafunga mlango, na hasira aliyoingia nayo pale ilikuwa ya kumkasirikia Rangel, lakini aliyotoka nayo ilikuwa imeongezeka ya kujikasirikia mwenyewe.

Nyumbani aliinyamazia hasira hiyo siku zote zile, jambo ambalo hata paka wa nyumbani angelishangaa. Jumamosi jioni akamwambia Rangel, "Kesho nachoma hoho. Waite wenzako waje kula. Na Spas mwite."

Rangel akabadilika rangi. "Spas yupi?"

"Wewe unawajua wangapi?"

Walikuja. Magereji yote ya mtaa yalikuwa wazi siku ile, kila familia na jiko lake la umeme la kuchomea hoho, harufu ya maganda yaliyoungua imejaa mpaka kwenye mapazia. Spas alikuwa mtu mkubwa mpole, akaleta kreti la zabibu, akambusu Zdravka mkono. Zdravka akamkaribisha kiti, akamwekea mtindi na mkate, akamuuliza taratibu, "Spas, ndugu yangu, uliingia lini kwenye bendi?"

Metodi alianza kukohoa. Spas hakuona kitu. "Mwezi wa Mei," akasema. "Kiro alipopata karatasi zake za Ujerumani. Rangel alinijia mwenyewe, kwa sababu ya gari na spika zangu. Kwani vipi?"

Mei. Kabla ya lile tango la Metodi. Kabla ya kupeana mikono.

Zdravka akamgeukia mumewe. "Sema."

"Nini sasa, mbele za watu..."

"Mbele za watu uliahidi. Mbele za watu sema."

Rangel akakuna shingo, akatabasamu tabasamu la mtu anayetaka yaishe. "Zdrave," akasema, akilifupisha jina lake kwa kubembeleza, "nilitaka tu upate kitu cha kujishughulisha. Ulikuwa unazunguka nyumbani kama simba. Nilijua utachoka baada ya wiki mbili."

Kitu cha kujishughulisha! Rangel angesema nilikudanganya, labda Zdravka angemrushia sahani, ikavunjika, yakaisha. Lakini alilisema lile neno kwa upole, kama mtu aliyemfanyia hisani.

Zdravka alifuta mikono kwenye aproni, akalichukua gitaa, akachomeka waya. "Kaeni," akasema. "Hakuna anayekula."

Akaanza na La. Asili, kisha ya pili, kisha ya tatu, akipanda na kushuka, akitaja noti kwa sauti ile ya kukwaruza kama msimamizi anayeita majina. Akaingia Si bemol, akaingia Si, akaingia Do. Majirani waliacha hoho zao wakasogea. Spas alikuwa ameduwaa, kinywa wazi. Do diyez, ile iliyopanda nusu toni, kisha Re. Vidole vilikuwa vinakwenda, hata kile cha mwisho. Zdravka akaanza kujiona ameshawatia mfukoni. Ndipo alipofika Mi bemol, namna ya tatu, akapanda vizuri, na kwenye kushuka mafuta ya hoho yaliyobaki vidoleni yakamtelezesha. Akagusa Re badala ya Re bemol. Akarudi nyuma. Akakosea tena. Akasahau jina la noti inayofuata, akasimama.

Rangel akacheka. Kicheko kifupi tu, cha puani. "Unaona sasa?" akasema.

Moshi ulikuwa umeanza kutoka kwenye jiko, hoho za mwisho zilikuwa zinaungua.

"Tokeni," Zdravka akasema.

"Na hoho?" binamu akauliza.

"Hoho ni zangu. Gereji ni ya baba yangu. Bendi ni yenu, ichukueni. Tokeni kabla sijakumbuka kwamba mimi nabeba chuma!"

Walibeba ngoma vipande vipande. Spas alisema samahani mara nyingi, akiwa ndiye pekee asiyedaiwa hata moja. Kesho yake Zdravka alinunua kufuli jipya.

Siku ya Mtakatifu Dimitar ilipita, hakuna aliyeitaja. Rangel alilala sebuleni. Bendi ilihamia kwa Spas, na mitaani Rangel akaeneza kwamba mkewe amepatwa na mambo ya umri. Wanaume kwenye baa ya kona walimwita akipita: "Zdravka! Umefika Mi bemol?" Naye aliwajibu kwa maneno ambayo hata wao waliona aibu kuyarudia kwa wake zao.

Hakuacha kupiga. Lakini alikuwa anapiga vibaya, na kwa nguvu mno. Alikata nyuzi mbili. Evdokia alipomwambia alegeze mkono, alimlipukia. "Wewe ulijua! Mtaa mzima ulijua!"

Evdokia akazima sigara. "Nilisikia dukani mwezi wa Agosti," akasema. "Ningekwambia, ungeacha."

"Hilo lilikuwa langu kuamua, si lako!"

"Kweli."

"Basi usinifundishe tena."

Walipitana mtaani kama wageni. Halafu Jumapili moja ya Novemba, mvua inanyesha, Evdokia alibisha hodi gereji, amelowa, akodioni mgongoni ndani ya mfuko wa nailoni.

"Sijaja kuomba radhi," akasema. "Nimekuja kupiga. Skeli peke yake inakutia wazimu. Mimi nitashika wimbo, wewe shika chini yangu. Re maina."

Zdravka alimwacha asimame mvuani kiasi cha kumwonyesha kwamba angeweza kumwacha zaidi. Kisha akamfungulia. Walipiga wimbo wa mduara, mmoja tu, polepole. Zdravka alikwenda Re, akaenda La, akarudi Re, na pale mwishoni akaipandisha ile noti ya saba, akaisikia akodioni juu yake ikitua pamoja naye. Alitukana kwa mshangao. Evdokia akacheka mpaka akakohoa.

Metodi alikuja kabla ya Krismasi kuchukua kiti chake cha ngoma kilichosahaulika. Aliwakuta wanapiga. Akasimama mlangoni, kiti mkononi, mguu unapiga chini bila yeye kujua.

"Mimi nilicheka tu, shemeji," akasema walipomaliza. "Sikupanga mimi."

"Ulicheka. Halafu ukaenda naye kuvua samaki wasiokuwepo."

"Nilikwenda."

"Ngoma yako ndogo iko garini?"

"Iko."

"Ilete. Na ukicheka humu ndani, nakupitishia kreni."

Akaileta. Aliendelea kupiga kwa Rangel pia, kwa sababu ana watoto watatu, na Zdravka hakumlaumu kwa hilo, ila alimkumbusha kila wiki.

Mara ya kwanza walipopiga mbele ya watu ilikuwa Februari, kantini ya kiwanda, Pavlinka alipostaafu. Zdravka alikosea wimbo wa pili na wa nne. Evdokia alimpiga teke kifundoni mara zote mbili, kimyakimya, huku anawatabasamia wageni. Hakuna mwingine aliyejua. Watu walishikana mikono wakazunguka kati ya meza, na miongoni mwao walikuwamo wale watatu waliolala kifudifudi chini ya nondo zake. Mmoja wao alipompita alimpungia mkono kama wafanyavyo kazini: pandisha, pandisha! Zdravka akaongeza sauti.

Baada ya hapo mkahawa wa njia ya Radomir ukawachukua kila Jumamosi. Haukuwa mahali pa maana. Madereva wa malori, wakati mwingine sherehe ya ubatizo. Lakini ilikuwa kazi.

Mwezi wa Mei Spas aliteguka mgongo akipakua friji. Rangel alizunguka siku kadhaa bila kusema. Kisha wakiwa mezani, maharage mbele yao, akasema akiitazama sahani, "Jumamosi tuna harusi. Watu mia mbili. Hatuna besi."

"Poleni."

"Nilifikiri wewe..."

"Jumamosi nina kazi."

"Kazi gani, Zdrave? Madereva thelathini na supu ya utumbo?"

"Hao hao thelathini. Wananisubiri."

Rangel aliweka kijiko. Alianza kuongea kwa sauti ya juu, kwamba mtu na mke wake, kwamba watu wa mtaani, kwamba miezi minane sasa analala kwenye kochi linalomvunja mbavu, kwamba amechoka. Zdravka alimwacha amalize. Hasira ilikuwepo palepale, hata ukali wake haukupungua, lakini safari hii mikono yake ilitulia mezani.

"Umesema mengi," akamwambia. "Lile moja hujalisema."

Rangel akachota maharage, akajaza kinywa, na humo ndani ya maharage akasema kitu.

"Nini?"

"Nilikosea."

"Meza kwanza. Kisha sema tena."

Akameza. Akanywa maji. Akasema tena, safari hii akimtazama: alikosea, alimdanganya, na alicheka siku ile ya hoho wakati yeye mwenyewe, miaka yote hii, Mi bemol ya tatu kwenye kushuka humpotea na huificha nyuma ya kinanda cha binamu.

Zdravka hakumsamehe siku ile, wala mwezi ule. Alisimama, akatoa sahani, akamwambia amtafute mtu wa besi mapema kwa sababu msimu huu wapigaji wengi wana harusi, akaenda zake gereji.